Bunduki Isiyopata Kuanguka Hata Siku Moja

Muhanna bin Zahran alipiga muhuri barua za watu huko Maskati kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko faili. Siku aliyostaafu alipewa saa ya ukutani na sinia la halua. Akarudi kwao Sidra, kijiji chetu cha mlimani juu ya Nizwa, na wiki haikuisha akatangaza kwamba atanunua bunduki. Mkewe Ghaniya alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini, akamtazama kuanzia kilemba mpaka ndara.

"Bunduki ya nini, Baba Yaarub? Nani kakukosea?"

"Mwezi ujao harusi ya mwanao. Baba wa bwana harusi ndiye anayefungua razha. Unataka nirushe nini, kalamu?"

"Ungerusha kalamu ningelala usingizi," alisema Ghaniya, akaurudia mchele wake.

Kwetu Sidra bunduki haiwekwi kwa ajili ya kupiga tu. Siku ya harusi wanaume husimama safu mbili za razha, ngoma ikalia, kisha baba wa bwana harusi akatoka katikati, mbele ya wakwe, akairusha bunduki tupu hewani. Inazunguka juu, inashuka, anaidaka kwa mkono mmoja na uso wa mtu anayewaza habari nyingine kabisa. Akiidaka, harusi imefunguliwa. Ikigusa ardhi, anaiweka kando, anachukua dele la kahawa na kuwamiminia watu wote, wakubwa kwa wadogo, mpaka shughuli iishe. Na kahawa yetu ina adabu zake: aliyetosheka hukitikisa kikombe. Asipokitikisa, wewe unamimina tena, na tena, hata ukiona wazi kwamba anakufanyia kusudi.

Miaka thelathini na miwili nyuma, kwenye harusi ya Muhanna mwenyewe, baba yake mzee Zahran alirusha bunduki aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Ikaanguka. Mzee akashika dele, akamimina tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na wapo waliokunywa vikombe kumi na viwili bila kiu yoyote. Ijumaa iliyofuata aliiuza bunduki ile, na hakusimama tena kwenye safu mpaka tulipomzika. Watu wa Sidra, kwa huruma yao isiyo na kifani, wakaibatiza nyumba ile jina jipya: Nyumba ya Dele. Muhanna akawa Mwana wa Dele. Akaenda Maskati kuwa karani, na kila sikukuu alipokuja nyumbani alilikuta jina lake linamngojea kwenye kona ya msikiti, halijapungua hata kidogo.

Aliyelitunza jina hilo kuliko wote alikuwa Rubaya, mtoto wa ami yake. Rubaya aliweza kusahau kodi, aliweza kusahau mbuzi wake kwenye shamba la mtu, lakini jina hilo hakulisahau hata siku ya Idi.

Kwa hiyo Muhanna hakuwa anatafuta bunduki. Alikuwa anataka kulifuta jina hilo kabla mwanawe Yaarub hajalirithi, kwa kudaka mara moja tu mbele ya kijiji kizima. Haya, twende naye sokoni.

Ijumaa asubuhi soko la Nizwa hujaa wanaume wanaozunguka na bunduki begani wakijifanya hawauzi. Karibu zote ni samaa, zile bunduki za Kiingereza za zamani za risasi moja, zenye kishikio cha chuma chini ambacho ukikivuta tumbo lake linafunguka. Nyingine ni samaa kweli. Nyingine zimetengenezwa mwaka juzi, zikazikwa kwenye samadi ya ng'ombe miezi mitatu zipate uzee. Mchuuzi mmoja, Darwish, ambaye tangu alfajiri alikuwa anapiga kelele kama mnadi samaki, alipomwona Muhanna na miwani yake akashusha sauti ghafla.

"Shekhe, sogea. Hii sitaki watu waione."

Akamtolea samaa fupi, fupi kuliko zote sokoni, yenye pete pana ya fedha shingoni mwa kitako.

"Mbona fupi?" aliuliza Muhanna.

"Haikukatwa hii, ilizaliwa hivi. Ilikuwa ya askari wa farasi. Zile ndefu kila mwenye punda anayo. Za namna hii Oman nzima ziko tatu: moja makumbusho, moja kwa mtu ambaye siwezi kumtaja, na hii uliyoishika."

"Na pete hii?"

"Urembo, shekhe. Mwenyewe alikuwa mtu wa kujipenda."

"Imepata kuanguka?"

Darwish akaweka mkono kifuani, kama mtu aliyeulizwa habari za heshima ya mama yake. "Wallahi haijapata kuanguka hata siku moja."

Muhanna akaamini. Mtu aliyekataa barua za watu miaka thelathini na moja kwa sababu ya nukta iliyokosekana aliinunua bunduki kwa neno la Darwish. Hongera zake.

Karatasi za polisi zilimchukua asubuhi moja, maana hapo alikuwa kwenye bahari yake anaogelea. Kisha akaifungulia bunduki faili. Ndiyo, faili, lenye namba, tarehe na picha nne. Akaandika kila alama iliyochongwa kwenye chuma, akapima mtutu kwa tepu ya fundi cherehani, akamwandikia Mzungu mmoja mkusanyaji wa bunduki kuukuu aliyemwona kwenye mtandao. Mzungu akajibu siku ile ile, amepagawa. Ni adimu, aliandika. Usiisugue. Usiiguse kwa mikono yenye jasho. Iweke ndani ya kabati la kioo. Muhanna akamshukuru, akamweleza kwamba ana nia ya kuirusha juu kama mita tatu mbele ya wakwe zake. Mzungu hakuandika tena.

Rubaya akaja kuiona. Akasimama mlangoni, akaangaza huku na huku.

"Nimesikia umenunua bunduki, Mwana wa Dele. Iko wapi?"

"Si hii mkononi mwangu?"

"Loo! Mimi nikadhani mchi wa kinu. Nusu yake iliyobaki inaletwa lini?"

"Hii ni ya askari wa farasi, Rubaya. Ziko tatu Oman nzima."

"Tatu tu? Masikini. Watu wengine wote walishtuka mapema." Akakaa, akanyoosha miguu. "Lakini usijali, ndugu yangu. Fupi hivi, hata ikianguka haitafika mbali."

Ghaniya akaleta kahawa. Rubaya alikunywa vikombe saba, hakutikisa hata kimoja, na kila kikombe alikinyoosha kwa Muhanna amimine yeye.

Mazoezi Muhanna alikuwa ameyaanza zamani, kwa siri, kwa kipande cha mti alichokikata kwa urefu wa samaa za kawaida. Kwa kipande kile alikuwa hodari. Alikirusha, kikazunguka mara moja, akakidaka katikati bila kutazama. Akajiona amekwisha fuzu. Alipotoka na bunduki yenyewe nyuma ya nyumba, chini ya mitende, akairusha vile vile alivyozoea, na kitu kilichorudi hakikuwa kitako. Ulikuwa mtutu, ukamshukia begani juu ya mfupa. Akarusha tena. Safari hii ilitua kwenye hori la mbuzi.

"Endelea, endelea," Ghaniya alimwambia kutoka dirishani. "Mbuzi wamekwisha hama, sasa wamebaki majirani."

"Ina kasoro! Darwish kaniuzia kitu kina kasoro!"

"Kasoro ipo, hilo sina ubishi."

Alirusha siku tatu. Alivaa kofia ya pikipiki ya Yaarub, akatandika godoro la wageni juu ya mchanga, na Ghaniya akatangaza kwamba wageni wa harusi watalala juu ya mafuta ya bunduki. Ikaja mtutu, ikaja mtutu, ikaja mtutu. Siku ya nne, bega limevimba na harusi imebaki wiki mbili, Muhanna aliifunga bunduki ndani ya shuka akaenda Bahla kwa ami Khasib, fundi wa fedha na chuma, mzee ambaye macho yake yameisha lakini vidole bado vinasoma.

Ami Khasib hakuuliza bunduki ya nani. Aliipokea, akavuta kishikio, akasikiliza mlio, akapitisha kidole ndani ya tumbo la chuma. Kisha vidole vikafika kwenye pete ya fedha, vikasimama.

"Nani kakuuzia?"

"Darwish wa Nizwa. Anasema pete ni urembo."

"Darwish anasema mengi." Mzee akachukua kisu kidogo, akaitelezesha pete mpaka ikatoka. Chini yake kitako kilikuwa na ufa mrefu, umeshonwa kwa misumari midogo ya shaba. "Hii pete nimeigonga mimi. Alama yangu hii hapa ndani, ipapase. Aliyeniletea ni mtu wa kwenu Sidra, mrefu, mpole. Bunduki ilimwangukia kwenye harusi ya mwanawe."

Muhanna akakaa chini, juu ya mifuko ya makaa, na kanzu yake nyeupe vile vile.

"Jina lake Zahran," alisema Khasib.

"Ni baba yangu, ami."

Mzee akaweka kisu chini. "Basi wewe ndiye bwana harusi."

"Mimi."

"Baba yako hakujua kurusha? Alijua sana. Lakini alijifunza kwa ndefu ya kuazima, kisha akanunua hii fupi ili akupambie siku yako. Ndefu inazunguka mara moja. Hii, kwa nguvu ile ile, inazunguka mara moja na nusu, inakurudia kichwa chini. Nilimwambia hayo alipokuwa hapo ulipokaa wewe. Nikamwambia rusha juu zaidi, kama dhiraa moja, itatimiza mizunguko miwili. Akasema haina haja tena, itengeneze tu niiuze."

"Alikuwa na huzuni kwa ajili ya bunduki?"

"Bunduki?" Khasib akairudisha pete mahali pake, akaigonga taratibu. "Alilia hapa, mtu mzima. Si kwa bunduki, wala si kwa kumimina. Alisema, niliwamiminia watu wote wakanywa, wengine kwa kunicheka, na wakanywa. Mwanangu hakunywa."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amekaa katikati ya wakwe, joho jipya, jambia la fedha, kijana anayengojwa na kazi ya Maskati. Baba yake alipomfikia na dele, alikitikisa kikombe kitupu kabla ya tone la kwanza, akageuza uso. Baba akapita. Walikaa pamoja duniani miaka mingine saba, wakaongea habari za mvua na mitende na bei ya ngamia, na neno hilo hawakuligusa. Muhanna siku zote alijiambia kwamba yeye ndiye aliyeaibishwa na baba yake. Ni hesabu nzuri ukiwa upande wa anayeihesabu.

Aliporudi nyumbani alimweleza Ghaniya yote. Kwa mara ya kwanza katika mwezi ule Ghaniya hakumkejeli.

"Mrudishie Darwish mkosi wake," alisema. "Azima ndefu kwa mtu, udake, yaishe."

"Nitarusha hii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haikuwa na kasoro. Wala yeye hakuwa nayo."

Wiki mbili alirusha chini ya mitende, dhiraa moja juu zaidi, alfajiri baada ya sala na jioni baada ya alasiri. Siku za kwanza godoro liliipokea. Baadaye mkono. Ghaniya alianza kutoka na kukaa juu ya hori, akihesabu kwa sauti, "Moja, mbili, daka!" na siku alipodaka mara ishirini mfululizo alipiga kigelegele mpaka mbuzi wakakimbia tena.

Ikafika siku. Asubuhi ya Alhamisi uwanja wa Sidra ulijaa, wakwe wamekuja na safu yao, vilemba vya rangi zote, ubani unafuka, ngoma mbili zinajibizana. Yaarub alikaa kwenye mkeka mkuu, joho jeusi, jambia kiunoni, jasho la bwana harusi usoni. Muhanna akatoka katikati na bunduki yake fupi. Rubaya alikuwa mbele ya safu, hakuweza kukosa mahali hapo.

"Mwambieni mwenye dele asogee karibu!" Rubaya alipaza sauti. "Tusimchoshe mtu kwa kutembea."

Watu wakacheka. Muhanna akarusha. Bunduki ikapanda juu, juu kuliko tulivyozoea, jua likawaka kwenye pete, ikazunguka mara moja, kitako juu, mtutu juu, mara ya pili, ikashuka ikaingia mkononi mwake. Hakuiangalia hata. Alikuwa anamwangalia Rubaya.

Uwanja ulipasuka kwa kelele. Wakwe wakainua panga. Wazee waliokuwepo siku ile ya mzee Zahran walikuwa na nyuso za watu waliorudishiwa deni bila kulidai. Na mambo yangekwishia hapo, sote twende kwenye wali, kama Rubaya angekuwa mtu wa kuacha kitu kizuri kipite bila kukitia mkono.

"Lete hapa!" alisema. "Kama Mwana wa Dele kaidaka, basi hata bibi yangu ataidaka. Lete."

Muhanna akaishikilia. Miaka thelathini na miwili ilimjia kwa pamoja. Angeweza kunyamaza, na mimi hapa nisingemlaumu, ningemshikia na joho. Lakini alisema.

"Hii inazunguka haraka, ndugu yangu. Irushe juu zaidi, dhiraa moja."

"Leo umekuwa mwalimu wangu? Mimi narusha tangu sina ndevu!"

Rubaya akaichukua, akairusha alivyozoea. Ikazunguka mara moja. Ikazunguka nusu. Mtutu ukaja kwanza, akauwahi kwa vidole viwili, ukamponyoka, na kitako kikapiga jiwe la uwanja. Tulisikia ufa. Pete ya fedha ikabiringika mpaka miguuni kwa wakwe. Mzungu wa makabati ya kioo, popote alipokuwa, hakika moyo wake ulimwuma.

Kisha yule mwenye dele, ambaye alikuwa amesogezwa karibu kwa amri ya Rubaya mwenyewe, akamkabidhi dele.

Rubaya akamimina. Safu nzima ilikuwa na kiu ya ajabu siku ile. Alipofika kwa Muhanna alikuwa ameinamisha kichwa, kilemba kimelegea. Muhanna akanywa cha kwanza, akakinyoosha kikombe bila kukitikisa. Cha pili. Cha tatu, watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, na Muhanna akacheka nao. Cha nne kilikuwa kitamu kuliko kahawa yote aliyowahi kunywa, sitaki kukuficha. Cha tano mkono wa Rubaya ulitetemeka, tone la moto likadondoka kwenye kanzu ya Muhanna, na Muhanna akautazama mkono ule. Ulikuwa mkono wa mzee, mishipa juu, na mdomo wa dele unagonga kikombe, ti-ti-ti. Akaacha kucheka.

Akakitikisa kikombe. Akasimama, akaliondoa dele mkononi mwa Rubaya.

"Kaa, ndugu yangu. Kumimina hujui, unamwaga. Kazi hii ina nyumba yake."

"Wewe umedaka, Muhanna," Rubaya alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukiwa vijana kumsikia akimwita kwa jina lake. "Haikupasi."

"Shika kikombe, unywe."

Rubaya akanywa. Muhanna akaendelea na safu, kushoto dele, kulia vikombe, wakwe, wazee, wapiga ngoma, na hakuna aliyethubutu kucheka wala kunywa zaidi ya haja yake. Mwisho akafika kwenye mkeka mkuu. Yaarub alimtazama baba yake, kanzu ina doa, kilemba kimekwenda upande, amebeba dele mbele ya wakwe zake wote.

"Baba, mbona unamimina wewe? Si umedaka?"

"Nimedaka."

"Sasa?"

Muhanna akatoa kikombe. Akamimina, akampa. Yaarub akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akanywa chote. Kisha akakinyoosha tena, wazi, mbele ya watu, bila kukitikisa.

"Niongeze, baba."

Muhanna akamwongeza. Akamwongeza tena. Alikuwa analia na hakujifuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.